Jibu: Kona ya simuleta inashtuka na wanafunzi wanapata kichefuchefu

Ndugu, umesema kona mliyosanifu kwa zoezi la barabara ya Tanga–Pangani inashtuka ndani ya miwani ya VR (uhalisia pepe) ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza kuendesha gari, na wanafunzi wanashikwa na kichefuchefu. Usianze kulaumu miwani. Anza na modeli ya barabara kwenye kompyuta.

Ukitoa mstari wa barabara kutoka programu ya usanifu kwenda kwenye simuleta kwa vipande vilivyonyooka vya mita 20, kona yenye nusu kipenyo cha mita 250 inakuwa pembe tupu: kila kiungo kinapinda takriban digrii 4.6, na usukani unakihisi. Toa upya kwa mita 2, itabaki nusu digrii hivi.

Hapohapo kagua mlalo, yaani barabara kuinamia ndani ya kona, maana hupotea kimyakimya faili inapohama. Kwa spidi (V) ya kilomita 80 kwa saa, mlalo (e) 0.06 na msuguano wa pembeni (f) 0.14, nusu kipenyo cha chini kabisa, R = V²/[127(e+f)], kinatoka mita 252. Mlalo ukiwa sifuri zinahitajika mita 360. Na gari kutoteleza si ushahidi kwamba usanifu ni sahihi, hiyo 0.14 ni kipimo cha starehe ya dereva, tairi kwenye lami kavu inashika zaidi ya hapo.

Jicho la dereva liwe mita 1.08 juu ya lami, si juu ya sakafu ya darasa, la sivyo ataona ng'ambo ya kilima zaidi kuliko inavyostahili.

Kichefuchefu kikibaki, angalia idadi ya picha ambazo kompyuta inachora kwa kila sekunde. Zikishuka chini ya 90, punguza minazi ya pembeni. Makuti yanakula kompyuta vibaya mno. Usukani uwe kulia, bila shaka.