Timu ya watu sita, msimu wa korosho na teknolojia zinazopishana

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Naongoza timu ya watu sita hapa Masasi, waprogramu wanne na wachambuzi wa data wawili. Mfumo wetu unapokea uzito wa korosho kutoka kwa makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) na kukokotoa malipo ya mkulima. Waprogramu wanataka tuuvunje uwe huduma ndogondogo nyingi (microservices, yaani programu ndogo zinazojitegemea na kuwasiliana), tena tuuandike upya kwa msaada wa akili mnemba kabla ya msimu. Wachambuzi wanalalamika kwamba kila badiliko linaharibu ripoti zao. Bosi naye anauliza mbona tumebaki nyuma. Nianzie wapi?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Anzia kwenye kalenda. Minada ya korosho kwa kawaida hushika kasi kuanzia Oktoba, na mkulima anayesubiri fedha ya ada ya mtoto hana haja na lugha iliyotumika kuandika mfumo. Kwa hiyo msiuandike upya kabla ya msimu. Kuanzia mwisho wa Agosti fungeni mabadiliko: kinachoruhusiwa ni kurekebisha hitilafu tu, na kila rekebisho lipitiwe na mtu wa pili. Mtafungua tena malipo ya mnada wa mwisho yakishaingia kwenye akaunti za wakulima.

Malalamiko ya wachambuzi wako ndiyo naona mazito zaidi, kuliko hata suala la akili mnemba. Chukua safu moja tu ya kanzidata: uzito. Ni pamoja na gunia au bila gunia? Ni ule aliopima karani kijijini au uliopokelewa ghala kuu? Korosho hupungua uzito kadiri zinavyokauka, hivyo namba hizo mbili zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kuiba. Mprogramu akibadili maana ya safu hiyo Jumanne kimyakimya, mchambuzi atagundua Ijumaa akiwa mbele ya bodi ya chama, na atakayeonekana mwongo ni yeye.

Andikeni kamusi ya data. Kurasa mbili zinatosha: kila safu, maana yake, kipimo chake na mwenye dhamana nayo. Badiliko lolote la muundo wa kanzidata lisipite hadi mchambuzi mmoja aridhie. Uzito ulioandikwa usifutwe. Ukikosewa, ongezeni rekodi ya marekebisho yenye jina la aliyerekebisha na saa. Fedha nazo zihifadhiwe kama desimali kamili. Namba za nukta inayoelea (floating point, namna ya kawaida ya kompyuta kushika namba zenye nukta) haziwezi kuhifadhi hata 0.1 bila kukosea kidogo, na hayo makosa madogo hujitokeza kwenye jumla ya chama kizima.

Nasisitiza data kwa sababu ndiyo inayobaki. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ni ya miaka ya 1970 na bado ndiyo wachambuzi wako wanaitumia leo. AngularJS ya Google, zana ya kuundia kurasa za wavuti, ilitoka 2010 ikashabikiwa dunia nzima. 2016 ikafuatiwa na Angular mpya isiyopatana nayo, na mwisho wa 2021 msaada wake rasmi ukakoma. Waliokuwa wamechanganya hesabu zao ndani ya kurasa za AngularJS walikuwa na kazi ngumu. Waliotenga hesabu na data pembeni walibadili sura tu.

Huduma ndogondogo zilistawi kwenye kampuni kama Amazon na Netflix, zenye timu nyingi zinazohitaji kutoa kazi bila kusubiriana. Ninyi mko sita. Kila kipande mtakachokata kitataka ufuatiliaji wake na mawasiliano yake na vingine, na mtandao wetu mnaujua: Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchini. Nguvu hiyo pelekeni kwenye simu ya karani. Ipokee uzito hata mtandao ukiwa haupo, na kila mzigo upewe namba ya pekee palepale kwenye simu, ili ukitumwa mara mbili seva iutambue na kuuhesabu mara moja.

Akili mnemba msiikatae. Itawasaidia kusoma msimbo wa aliyekwisha kuondoka na kuandika majaribio. Ila majina, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) na akaunti za wakulima zisinakiliwe humo. Tengenezeni data ya mfano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Na msimbo unaokokotoa makato, aliyeuleta aweze kuueleza mstari kwa mstari mbele ya wenzake. Asipoweza, hauingii.

Vijana wako usiwabane tu, lakini. Wanaona matangazo ya kazi za Dar es Salaam kwenye simu zao, na asiyejifunza kitu kipya ataondoka. Msimu ukiisha, wape siku moja kila wiki wajaribu zana mpya kwenye kazi ndogo ya kweli, mathalani ripoti ya ugawaji wa salfa, dawa ya mikorosho. Kisha walete majibu ya maandishi: imetatua nini, tukiiacha zana hiyo, data yetu tunaitoaje, na nani mwingine kwenye timu anaifahamu. Zana inayojulikana na mtu mmoja isiguse malipo, hata iwe nzuri namna gani.

Bosi mpelekee vipimo anavyovielewa: inachukua saa ngapi tangu mnada kufungwa hadi ripoti sahihi kutoka, malalamiko mangapi ya uzito yamekuja, na mfumo ukianguka unarudi baada ya muda gani. Hicho cha mwisho kipimeni kwa vitendo mwezi huu. Chukueni nakala rudufu ya jana, irudisheni kwenye kompyuta tupu, kisha mlinganishe jumla za AMCOS moja na zile zilizokuwa kwenye seva siku hiyo.