Onyesha mfano kabla hujamaliza programu

Ndugu, umeuliza kama umalize programu yako ya madeni ya duka ndo uwaonyeshe wateja. Usisubiri aisee. Jeff Hawkins, mbunifu wa PalmPilot, kompyuta ndogo ya mkononi, kabla ya toleo lake la kwanza kutoka 1996 alitengeneza kipande cha mbao cha kuingia mfukoni akawa anatembea nacho, ikitokea miadi anakitoa anajifanya anaandika kwa kijiti, ndo akajua saizi inafaa na angekihitaji wakati gani. We chora skrini zako kwenye karatasi, mpe muuza duka, mwambie "andika deni la mteja" halafu nyamaza kabisa, angalia kidole kinaenda wapi. Ila usiipambe sana, ikionekana imeshaisha watu wanaona aibu kukosoa.