Kiwavi Ndani ya Moyo wa Mhindi

SWALI: Mhariri, shambani kwangu nimekuta kiwavi ndani ya moyo wa mhindi, amezungukwa na kinyesi mfano wa unga wa mbao. Je, ndiye kiwavijeshi aliyewasumbua wazee wetu? (Msomaji, Bungoma)

JIBU: Siye, ndugu msomaji. Yule wa zamani ni mwenyeji wa Afrika. Huyu wako, ambaye jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda, asili yake ni Amerika, akagunduliwa Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017. Mtazame usoni: ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Nondo wake huruka usiku, na huko Marekani hupona majira ya baridi katika maeneo ya kusini tu, kama Florida na Texas, kisha huhamia kaskazini joto lirudipo. Kwetu hakuna baridi ya kumuua. Kumpulizia kiwavi dawa adhuhuri, akiwa amejificha, ni kuimwaga bure, ngoja jioni.