Usimalize kulipia safari ya Kanchanaburi: daraja la Kwai la kwenye filamu lilijengwa Sri Lanka

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Julai unatoka Dar kwenda Thailand, unakaa Kanchanaburi siku nne ili upige picha "daraja lenyewe" la The Bridge on the River Kwai, ile filamu ya mateka wa vita wanaojengeshwa daraja la reli na Wajapani, kianzio umeshampa wakala, na unauliza ubebe lenzi gani na kama kuna reli nyingine za filamu za kupitia huko Asia. Daraja uliloliona kwenye filamu halijawahi kuwepo Thailand hata siku moja.

Mwongozaji David Lean alipiga filamu ile Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon. Daraja la magogo lilijengwa Kitulgala, juu ya mto Kelani, na Machi 1957 likalipuliwa kweli mbele ya kamera, treni ikiwa juu yake. Kilichobaki ni misingi ya zege kwenye kingo za mto. Wakala anayekuwekea picha ya lile daraja la magogo kwenye tangazo la Kanchanaburi anakuuzia kitu kilicholipuliwa zaidi ya miaka 60 iliyopita, tena katika nchi nyingine. Na hao wanaosambaza video za "nimefika daraja la filamu" wakiwa wamesimama juu ya daraja la chuma la Kanchanaburi ndio wanaowapa mawakala wateja. Inaniuma, kwa sababu kuligundua hilo hakuhitaji utafiti. Simamisha filamu pale treni inapokaribia, uangalie mazingira: bonde limebanwa na vilima vya msitu, daraja ni refu kwenda juu, lote ni mbao. Halafu tazama picha ya Kanchanaburi: mto mpana kwenye ardhi tambarare, daraja la chuma lililokaa chini juu ya nguzo za zege. Hayafanani kwa lolote.

Na gharama yake si picha tu. Ukishafika Bangkok ndipo ukajua, Colombo iko takriban saa tatu na nusu kwa ndege, na hiyo ni tiketi mpya, viza nyingine na siku za likizo zilizokwisha kuliwa. Hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea.

Sasa uelewe Kanchanaburi kuna nini, maana sisemi hapafai. Kuna reli halisi ya Burma (Myanmar ya leo), kilomita 415 kutoka Ban Pong, Thailand, hadi Thanbyuzayat, Burma, iliyojengwa kwa amri ya jeshi la Japani kuanzia 1942 hadi Oktoba 1943. Mateka wa kivita zaidi ya 12,000 walikufa humo, na vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi zaidi yao kwa mbali. Upana wake ni milimita 1,000, sawa na reli yetu ya kati ya zamani, kwa hiyo ukitazama mataruma utajiona kama uko Morogoro. Daraja la chuma pale Tha Makham, hapo Kanchanaburi, linatumika mpaka leo. Vipande vyenye mgongo wa upinde ni vya asili, vililetwa kutoka Java. Vile viwili vya pembe vilivyo katikati viliwekwa baada ya vita, kwa sababu ndege za Washirika, waliopigana na Japani, zilivunja vya mwanzo kwa mabomu. Pembeni kulikuwa pia na daraja la mbao la muda, na wauzaji wanalitumia hilo kukuchanganya. Nalo silo la kwenye filamu.

Hata jina la mto lina kisa. Pierre Boulle, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu, alijua reli inafuata bonde la mto Kwai, akadhani daraja nalo linavuka mto huo. Ukweli ni kwamba lilivuka Mae Klong. Watalii walipoanza kufurika wakitafuta Kwai, Wathai wakakibadilisha jina kipande hicho cha mto katika miaka ya 1960 kiitwe Khwae Yai. Kwa hiyo kibao utakachokikuta pale kimekuja kuifuata filamu.

Kanuni ni moja, na ukiishika hutapoteza nauli: tafuta kamera ilisimama wapi, usifuate mahali hadithi inapodai ilitokea. Soma majina ya mwisho wa filamu, yale watu wanayoyaruka. Mara nyingi nchi na shirika la reli lililosaidia hushukuriwa hapo. Kisha linganisha upana wa reli, umbo la vilima na aina ya daraja. Kwa Lean kanuni hii haikwepeki. Treni ya Lawrence of Arabia inaonyesha reli ya Hijazi ya Uarabuni, lakini iliangushwa kwenye michanga ya Almería, Hispania. Doctor Zhivago ni Urusi kwenye hadithi, ila sehemu kubwa ilipigwa Hispania hiyo hiyo. Na kwetu je? The Ghost and the Darkness ya 1996 ni simba wala watu wa Tsavo, Kenya, na ujenzi wa daraja la reli ya Uganda mwaka 1898, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Ukienda Tsavo utakuta mto na reli halisi, bonde la filamu hutaliona, na simba wenyewe waliokaushwa wako kwenye makumbusho ya Field Museum, Chicago, Marekani.

Kama unachotaka ni filamu, nenda Colombo. Kitulgala haina stesheni, asikudanganye mtu kuhusu "treni ya Kwai" huko. Panda basi la Colombo kwenda Hatton linalopita Avissawella kwa barabara ya A7, mwambie kondakta akushushe Kitulgala, kisha teremka kwa miguu hadi mtoni. Ukipenda, fika Avissawella kwa treni ndipo uchukue basi. Julai ni msimu wa mvua za kusini-magharibi, na Kitulgala ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana: mto unajaa, misingi inafunikwa, njia inateleza na ruba wanapanda miguuni. Januari hadi Machi ndiyo miezi ya kwenda.

Kama unachotaka ni historia, baki na Thailand, ila siku nne zote usizimalizie darajani. Treni za kwenda Nam Tok kupitia Kanchanaburi zinatoka stesheni ya Thonburi, siyo stesheni kuu ya Bangkok, na ni mbili tu kwa siku. Chukua ya asubuhi. Kaa upande wa kushoto unapokwenda, kwa sababu baada ya Kanchanaburi treni inatambaa polepole juu ya daraja la mbao la Tham Krasae, mwamba upande mmoja na mto upande wa pili. Hellfire Pass, mkato wa reli uliochongwa mwambani na mateka, iko mbele zaidi kupita Nam Tok, ambako reli imeishia, hivyo utaifikia kwa barabara. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Thailand wanaidai kwa anayetoka Tanzania, na uchanje angalau siku 10 kabla ya kusafiri.

Mpigie wakala leo. Muulize kwa maandishi daraja analokupeleka ni la mbao au la chuma, na akijibu la mbao, dai kianzio chako.