Maswali yenu ya baiskeli: mbio ni Juni, sasa tufanyeje?

Meseji ni nyingi, wengi wenu mna mbio mwezi wa sita, najibu hizi chache.

"Kaka, tuko Januari. Nianze na intavo mara moja?" (Mtwapa)

Wacha papara, intavo, yaani kukaza dakika kadhaa, kupumzika, halafu kurudia, wakati wake bado. Wiki nane mpaka kumi za kwanza ni kujenga msingi tu, yaani unaendesha pole pole hivi kwamba waweza kupiga stori sentensi nzima bila kuhema, moyo uko kama asilimia 60 mpaka 70 ya upeo wake. Inaboesha, najua. Wiki tatu waongeza masaa kidogo kidogo, ya nne wapunguza mwili upumue. Intavo zije mwisho wa Machi: dakika 8 mara nne, katikati unapumzika dakika 4, na si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mie mwaka mmoja kila Jumamosi nilikuwa nashindana na genge letu Nyali mpaka Mtwapa eti ndio mazoezi, siku ya mbio yenyewe kilomita ya 30 miguu ishakuwa mbao.

"Huku kwetu tambarare na mbio zina milima. Nihame?" (Bamburi)

Uhame wapi, mlima wako ni upepo! Saa hizi ni kaskazi, ukielekea Kilifi unaupokea usoni, basi kazi ngumu ifanye ukienda, kurudi unasukumwa. Kusi ikishaingia mambo yageuka, kwenda raha mustarehe halafu kurudi ndio utajua hujui, kwa hivyo usimalize nguvu zote Kilifi ukaishia kupakiwa kwa matatu na baiskeli yako juu ya kerya. Ukiwa unapambana na upepo weka gia nzito, usiinuke kwenye kiti, zungusha pedali kama mara 55 kwa dakika, dakika 10 hivi, pumzika, rudia. Magoti yakiuma acha. Mlima wa kweli pia upo, ukitoka Miritini kwenda Mazeras barabara yapanda vizuri tu, ila nenda alfajiri na muwe kundi, yale malori ya bandarini hayana huruma.

"Ramadhani yaingia katikati ya mazoezi, niache?" (Mji wa Kale)

Usiache, punguza. Saa moja ya pole pole kabla ya magharibi, ukishuka maji na tende ziko pale. Intavo kama ni lazima piga baada ya tarawehe, ndani ya nyumba kwa trena, kile kifaa cha kushikilia baiskeli uendeshe papo hapo, feni imewashwa. Kujikamua kwa funga na joto letu hili ni kutafuta kizunguzungu. Mwezi ule usifukuze masaa, ukibaki pale ulipokuwa umefaulu.

"Nafanya shifti, nina masaa sita tu kwa wiki."

Yatosha. Siku mbili saa moja moja, moja iwe ngumu, halafu Jumapili manne. Toka saa kumi na moja alfajiri kabla tuktuk hazijajaa, na taa ya nyuma iwake.

"Nikifika masaa mawili nazima kabisa."

Huli, ndugu yangu. Ndizi mbili kila saa, au tende, na chupa ya maji yenye chumvi kidogo, anza kabla hujahisi njaa. Mahamri na mbaazi ni ya ukisharudi.

"Wiki ya mwisho nifanye nini?"

Kata masaa nusu, bakisha spidi fupi fupi miguu isilale. Na usiguse kiti wala viatu vipya, kuna rafiki yangu alibadilisha kiti usiku wa kuamkia mbio, nusu ya safari aliendesha amesimama.