Mama akisemeshwa njiani anasimama

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu mzazi, miaka 61, alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukapooza. Sasa anatembea kwa fimbo hadi dukani. Ila ukimsemesha njiani anasimama kabisa, akishajibu ndipo anaendelea. Jirani anasema ubongo haupati oksijeni, tununue mtungi. Kile kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni kimesoma asilimia 97. Tufanyeje? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mtungi msinunue. Hiyo 97 ni nzuri, ingawa kifaa cha kidoleni hupima damu ya kidole tu. Kwa oksijeni ya ubongo kuna kofia ya vipimo, yenye vitaa vidogo: mwanga usioonekana kwa macho hupenya fuvu sentimita mbili tatu hivi, na damu yenye oksijeni huufyonza tofauti na ile iliyokwisha kuiacha. Mgonjwa huivaa huku akitembea. Watafiti wanaoitumia kwa watu waliopata kiharusi mara nyingi wameona kwamba nyuma ya paji la uso damu yenye oksijeni huongezeka mtu akianza kutembea. Inaongezeka, mwanangu, haipungui. Kutembea kulikokuwa kunakwenda kwenyewe sasa kunataka kufikiriwa: mguu uinuke, goti lisilegee. Ukimuuliza, "Mama, tununue nazi ngapi?", jibu nalo linatafutwa palepale. Anasimama ili asianguke. Akili zake ni timamu.

Ila msilipuuze. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa wazee wanaosimama wakisemeshwa huanguka zaidi kuliko wanaoendelea kutembea. Namkumbuka mzee mmoja niliyemfanyisha mazoezi: ukimwita tu, kandambili ya mguu dhaifu ilianza kuburuza sakafuni kabla hata hajageuza shingo.

Kwa hiyo barabarani kaa kushoto kwake, nusu hatua nyuma, na unyamaze. Pesa ya mtungi mlipeni mtaalamu wa fiziotherapia. Akishaona miguu imetulia, atamzoesha kutembea huku anazungumza, kwanza kando ya ukuta, akitaja majina ya samaki au ya wajukuu. Avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Mdomo ukipinda ghafla, maneno yakivurugika au udhaifu ukiongezeka, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kesho.

Habari za nazi muulize mkishafika dukani, akiwa ameketi.