Kazi imepitiliza kwa masaa manne, nadai vipi?

Swali: Kaka shikamoo, mi fundi saundi hapa Dar, deiwaka, kwa siku nalipwa 45,000. Ijumaa tulikua na harusi, niliitwa saa 8 mchana tukakubaliana mwisho saa 6 usiku. Maharusi wameingia kwa kuchelewa, kamati haitaki kufunga, spika ya mwisho tumeipakia saa 10 alfajiri, na bosi anasema saa 2 asubuhi niwe ukumbi mwingine. Nikimuuliza ya ziada ananijibu "kazi za event ndo zilivyo". Nna haki hapo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Haki unayo, ila nenda na namba usiende na manung'uniko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku ya kazi ni saa 9, na saa ya kula haihesabiwi (kama kweli ulikula, maana sie mafundi biriani mara nyingi tunaishia kusikia harufu). Kwahiyo saa 8 mchana mpaka 6 usiku, toa ya kula, zinabaki 9, gawa 45,000 yako unapata 5,000 kwa saa. Ziada ni mara moja na nusu, yani 7,500, na kwakua kisheria usiku unaanza saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi unaongeza asilimia 5 juu yake, inakuja 7,875, mara saa 4 ni 31,500. Halafu zile saa 4 za kabla, toka saa 2 mpaka 6 usiku, nazo zina 250 kila moja, ndo asilimia 5 ya 5,000. Jumla, pamoja na 45,000 yako ya siku, ni 77,500.

Lakini angalia, 9 na 4 ni 13, na sheria inasema hata mkikubaliana msivuke saa 12 kwa siku. Na mapumziko kati ya kutoka na kurudi ni saa 12 mfululizo, kwahiyo aliyetoka saa 10 alfajiri anarudi saa 10 jioni. Hiyo ya saa 2 asubuhi mwambie hapana, kwa upole, ila hapana.

Na sio ubishi tu. Kuna mwaka tulikua tunashusha besi ngazini alfajiri kama hiyo, mi niko chini mwenzangu juu, jamaa akasinzia kasimama, nikaona tu mkono wake umelegea. Kucha ya kidole gumba mpaka leo inaota imepinda. Watu wanaumia wakati wa kufungua mitambo, muziki umeshazimwa, MC kashaondoka, kila mtu anawaza kitanda.

Atakwambia deiwaka hahusiki na sheria. Asikutishe, mitambo ni yake, muda anapanga yeye, sheria inaanza kwa kukuona mfanyakazi, kazi ya kuthibitisha vingine ni yake. Ila kama una kampuni yako na unampa invoisi, hapo ziada ni ile mliyoiandika, hamkuandika imekula kwako.

Kwa kazi zijazo mwisho wa kazi usiwe muziki kuzima, uwe mlango wa gari kufungwa. Bei ya saa ya ziada iwe ndani ya kotesheni ya kamati toka mwanzo, na saa 5 usiku bosi amfate mwenyekiti wa kamati amwambie imebaki saa moja, tunaendelea kwa bei ile au tunafunga? Utashangaa hotuba zinavyofupishwa. Na muda andikeni kwa maneno, "saa sita usiku", mana nimeshaona mkataba umeandikwa "mpaka saa 12" kwa saa za kizungu, kamati ikadai ni 12 asubuhi.

Hii ya Ijumaa mwandikie leo kwa WhatsApp, usipige simu, weka muda wa kuingia, wa kutoka na hiyo hesabu. Akikausha nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 60.